UZI: Mwanao anahesabu mpaka 20? Hebu muombe ndimu tatu

Bi Maandalizi

Assalaam alaykum jamani. Uzi mrefu kidogo, mwenye chai yake aiweke karibu.

Mie nasomesha maandalizi hapa Wete, Pemba, mwaka wa 11 huu. Januari kaja mama mmoja kumwandikisha mwanawe, mtoto hajatimiza miaka 4. Kabla hajakaa vizuri kashaniambia, "Mwalimu, huyu hesabu anajua mpaka ishirini, mtie na wakubwa." Mtoto akaamrishwa aseme. Akavuta pumzi akazimwaga zote kama anayesoma sura fupi, mojambilitatunnetano, hakutia kituo mpaka ishirini. Kumi na nne kairuka, lakini nani aliyejali.

Chini ya meza yangu palikuwa na pakacha la ndimu, nimetoka nalo sokoni asubuhi ile. Nikamwambia, "Haya baba, nipe ndimu tatu." Akatia mikono yote miwili, akanijazia mapajani. "Hizi ngapi?" Akazigusa moja moja kwa kidole, wala hakukosea: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. "Ehee. Kwa hivyo ndimu ngapi?" Akaanza tena: moja, mbili, tatu... "Sawa, lakini ziko ngapi?" Mara ya tatu akaninunia, kama kwamba mie ndiye nisiyesikia.

Mama wa watu uso ukamshuka. Nikamwambia asione haya, mtoto hana kasoro, yupo pale walipo wenzake wengi wa umri ule. Kuzitaja nambari ni jambo moja na kuzijua ni jambo jingine, na baina yao pana safari ya mwaka mzima, pengine zaidi.

Mchezo huu wa "nipe tatu" si wangu. Mtafiti wa Marekani, Karen Wynn, ndiye aliyeutumia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mpaka leo wanaosoma akili za watoto hawajauacha. Walichokiona ni hiki. Mtoto huanza kwa kuelewa "moja" tu. Ukimuomba moja atakupa moja. Ukimuomba mbili, nne au nane, atakuchotea tu. Hukaa hivyo kwa miezi. Halafu "mbili" inamkaa, baadaye "tatu", wengine mpaka "nne". Na wakati wote huo mdomoni anazo kumi zake kamili! Halafu siku moja, kwa watoto waliopimwa kule mara nyingi baina ya miaka 3 na nusu na 4, anaipata siri yenyewe: neno la mwisho ulilolitaja unapohesabu ndiyo idadi ya vitu vyote. Akishaijua hiyo hangoji kufunzwa tano, kisha sita, kisha saba. Anazipata kwa mkupuo.

Nimeleta uzi huu kwa sababu kila Januari ni yale yale. Wazazi wanaona fahari kwenye kutaja, na sisi walimu siku ya wazazi tunawapa wanachokitaka. Nyumbani kwenu mnamhesabisha vipi?

Yakhe wa Darajani

Mwalimu umenitisha. Wangu ana miaka 3 na miezi 8, anataja mpaka 30. Nikirudi usiku ntamjaribu. Ila suali moja: kama hajui tatu, mbona ukimpa yeye biskuti mbili na mwenzake tano anapiga kelele nyumba nzima?

Bi Maandalizi

Suali zuri hilo. Jicho la wingi mtoto huja nalo, hata kabla ya maneno. Huyo huyo Wynn mwaka 1992 aliwapima watoto wa miezi 5. Anaonyeshwa kidoli kimoja, pazia linakifunika, kisha anaona mkono ukipeleka kidoli cha pili nyuma ya pazia. Pazia linashushwa. Vikiwapo viwili, mtoto anatazama kidogo anageuka. Kikiwapo kimoja, anakodoa macho kwa muda mrefu zaidi, kama anayesema hapa mmenidhulumu. Mwaka 2000 Fei Xu na Elizabeth Spelke wakawaonyesha watoto wa miezi 6 nukta 8 na nukta 16, wakazitofautisha. Nukta 8 na 12 hawakuzitofautisha.

Kwa hivyo anachoona mwanao ni kingi na kichache, kwa makadirio. Na makadirio watu wazima tunabaki nayo. Kule Amazon ya Brazili wapo Wamunduruku, lugha yao nambari zake zinaishia karibu na tano. Pierre Pica na wenzake walichapisha mwaka 2004 kwamba watu hawa wakikadiria mafungu makubwa ya nukta hawaachwi mbali na Wafaransa, lakini ukiwataka jibu kamili la kutoa nne katika sita, hapo panawatatiza. Maneno ndiyo yanayomvusha mtu kutoka "nyingi" kwenda "sita barabara".

Mwanao analilia nyingi, yakhe. Tatu bado hajaililia.

Mpemba wa Kariakoo

Mambo ya vidoli na mapazia haya. Bibi yangu wa Konde hakuingia skuli hata siku moja, akipima karafuu kwa pishi, vibaba vinne pishi moja, na mnunuzi hamuibii hata kibaba. Na sisi hatukuwa tukisemeshwa na wakubwa kama watoto wa kwenye televisheni. Tulikaa ukumbini kimya, wakubwa wakizungumza, tukasikiliza. Mbona tumesema? Tena wengine tumepitiliza.

Bi Maandalizi

Mpemba mwenzangu, kwenye hilo una haki kuliko unavyodhani. Kuna kitabu cha mwaka 1995 cha Betty Hart na Todd Risley, walirikodi familia 42 huko Kansas, wakasema watoto wa maskini wakifika miaka 4 wanakuwa wamesikia maneno milioni 30 pungufu ya watoto wa wenye nazo. Takwimu hiyo ilitembea dunia nzima. Baadaye wengine wakaipinga, kwa sababu ilihesabu yale anayoambiwa mtoto tu, ikayaacha anayoyasikia yakipita juu ya kichwa chake. Ndiyo ukumbi wenu huo! Na mwaka 2020 Marisa Casillas na wenzake wakaandika kuhusu Watseltal, Wamaya wa Mexico, ambao mtoto mchanga hawamsemeshi sana. Watoto wao wakasema neno la kwanza na kuunga maneno mawili kwa wakati ule ule kama wengine.

Lakini usifurahi mno. Senegal, vijiji vya Waislamu wenzetu wanaosema Kiwolof, kulikuwa na mila kwamba mtoto mchanga hasemeshwi. Wakapatikana wazazi waliofundishwa kuzungumza na watoto wao kwa lugha yao wenyewe, wala hawakuletewa Kifaransa. Baada ya mwaka mmoja watoto wao wakawa na maneno mengi zaidi kuliko wa vijiji vya jirani. Utafiti ulitoka 2017.

Na bibi yako wa Konde usimtaje kama ushahidi dhidi yangu, ni shahidi wangu yule. Alikuwa anahesabu VITU. Susan Levine wa Chicago na wenzake waliwarikodi wazazi na watoto majumbani, kuanzia watoto wakiwa na miezi 14. Wazazi waliozungumza zaidi habari za idadi, watoto wao walipokaribia miaka 4 walikuwa mbele katika kujua maana ya nambari. Mwaka 2011 wakaongeza jambo: kilichosaidia hasa ni kuhesabu vitu vilivyopo mbele ya macho, na hasa mafungu ya vinne mpaka kumi. Kibaba cha karafuu kinachomiminwa mbele ya mtoto, "hiki cha tatu, bado kimoja", hapana bango la ukutani linaloshinda hapo.

Maalim wa Chuo

Mwalimu, "kama anayesoma sura fupi" nimeiona. Ni kijembe au nimekisia vibaya? Mtoto wa chuo cha Qurani huhifadhi kwanza, maana humjia baadaye. Ndivyo tulivyosoma sote, na wewe pia.

Bi Maandalizi

Maalim wangu, niwie radhi, si kijembe. Tena utafiti uko na wewe nusu ya njia. Rochel Gelman na C. R. Gallistel mwaka 1978 waliandika kanuni tano za kuhesabu. Ya kwanza, kila kitu kipewe neno moja tu. Ya pili, maneno yafuate mpangilio usiobadilika, na hiyo ni hifdhi tupu, Maalim, asiyehifadhi hawezi kuhesabu. Ya tatu ndiyo ile ya neno la mwisho kuwa idadi ya wote. Yule kijana wa ndimu alikuwa na mbili za mwanzo (tumsamehe ile kumi na nne), ya tatu bado. Ugomvi wangu ni kwa wanaofika ya pili wakapiga makofi wakaondoka.

Maalim wa Chuo

Hapo nimekufahamu. Endelea.

Ukhti Jang'ombe

Mie naomba msaada wa jambo dogo. Binti yangu wa miaka 4 anasema "mayai masita". "Mama, kuku katotoa mayai masita." Nyumba nzima inamcheka, na bibi yake kashamtungia jina, Bi Masita. Nimsahihishe au nimuache?

Bi Maandalizi

Ukhti, umenipa zawadi. Hili ningeweza kulizungumza mpaka alfajiri.

Jiulize: neno "masita" kalisikia kwa nani? Si kwako, si kwa bibi yake, si redioni. Hapana mtu mzima anayelisema. Kalitengeneza. Kasikia mayai mawili, matatu, manne, matano, akaona mayai yanaivisha nambari nguo yao, akasema basi na sita nayo ivae. Mwaka 1958 Jean Berko alichora kijinyama cha kubuni, akakipa jina la kubuni, wug, akawaonyesha watoto viwili akawataka wamalizie sentensi. Wakatia wingi wa Kiingereza kwenye neno ambalo hawajapata kulisikia maishani mwao. Ndipo watu wakaona wazi kwamba mtoto haigi tu, anachota kanuni. Berko ilibidi abuni kijinyama. Sisi tunayo sita.

Maana sita, saba na tisa ni wageni kutoka Kiarabu, wamekaa nasi miaka na hawajakubali kuvaa. Kumi naye havai, wala Mwarabu si. Katikati yao nane ni mwenyeji, anavaa: mayai manane, vikombe vinane, watoto wanane. Fikiri anachopitia mtoto wetu: matano, sita, saba, manane, tisa, kumi. Wenye nguo na wasio nguo wamechanganyika foleni moja. Binti yako kanuni anayo, khabari aliyokosa ni kwamba sita ni mgeni. Usimcheke, wala usimkatishe. Mjibu tu, "Eeh, mayai sita! Tuyakaange mangapi?" Atajiweka sawa mwenyewe.

Sasa naomba mnivumilie, hapa nasema langu. Mbili yetu ina sura ngapi? Watoto wawili, miguu miwili, mayai mawili, vikombe viwili, ndimu mbili. Mtoto lazima agundue kwamba ile "-wili" ni moja katika nguo zote hizo. Lakini tukimkalisha kumhesabisha tunampa sura moja tu, moja, mbili, tatu. Darasani kwangu nimeona watoto wanaonipa ndimu mbili bila tabu, nikiwaomba vikombe viwili wanasita kidogo, macho kwenye midomo yangu. Darasa moja si utafiti, najua. Ila sarufi kugusa hesabu kumeshaonekana kwengine. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa watoto wa Slovenia na wa Saudi Arabia, ambao lugha zao zina umbo la pekee la viwili, si umoja wala wingi. Maalim anaijua ya Kiarabu: kimoja ni kitabu, viwili ni kitabaani. Watoto wale waliielewa "mbili" mapema kuliko watoto wa Kiingereza.

Na tuna bahati yetu pia. Baada ya kumi Kiswahili kinasema kweli: kumi na moja, kumi na mbili, unaona kumi na unaona kilichozidi. Wachina nao husema hivyo. Mwaka 1995 Kevin Miller na wenzake walilinganisha watoto wa China na wa Marekani: mpaka kumi walikwenda sambamba, baada ya hapo Wamarekani wakaanza kuzama, kwa sababu maneno yao ya 11 na 12 hayaonyeshi kumi iko wapi. Sisi bahati hiyo inatufikisha 19. Halafu anaingia ishirini, thelathini, arubaini, na msafara wa wageni unaanza upya.

Mpemba wa Kariakoo

Kwa Kiswahili hiki, watoto wanakijuaje lakini? Mie hapa bara wananisahihisha mpaka leo.

Bi Maandalizi

Kwa kupunguza kwanza. Kamil Ud Deen aliwafuatilia watoto wanne wa Nairobi, kitabu chake kilitoka 2005. Wanapoanza, kiambishi cha mtenda (ile "a-" ya "analala") wanakidondosha, na cha wakati (ile "-na-") pia, lakini irabu ya mwisho ya kitenzi hawaiachi. Ndiyo ile "mama lala" tunayoisikia sote. Na Katherine Demuth, aliyekaa na watoto wa Kisotho kule Lesotho, Wabantu wenzetu, akaona wanatumia kauli ya kutendwa kabla ya kutimiza miaka 3, wakati wataalamu wa Kiingereza walikuwa wakisema kauli hiyo ni ngumu, huchelewa. Wangekuja Pemba. Mtoto wa hapa "nimepigwa" anaijua kabla ya "nimepiga". Nimepiga hata akiwa mkubwa haisemi.

Mama wa Fuoni

Naona aibu kuuliza mbele ya wataalamu. Wangu ana miaka 2 na nusu, maneno yake hayapiti matano. Mama mkwe anasema akatwe kilimi, keshapata na mtu wa kumkata. Mchana nampa simu aangalie katuni za Kiingereza angalau apate lugha. Nifanyeje?

Nesi wa Chake

Dada, usione aibu. Kilimi usikiguse. Ni kijinyama cha nyuma ya koo, hakimzuii mtoto kusema, na kukikata kunaleta damu nyingi na vidonda vinavyooza. Mpeleke akapimwe masikio kwanza, mtoto asiyesikia vizuri huchelewa kusema na watu wanadhani mkaidi. Na umtazame nyumbani: ukimwambia "lete kiatu" bila kuonyesha kidole wala kukitazama, analeta? Mwambie daktari jibu lake, atalitaka.

Kwa wengine, mjue kwamba Pemba yetu imo kwenye vitabu katika hili. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa watoto 614 wa hapa, wa miezi 6 mpaka 59. Waliopewa madini ya chuma kila siku kwa mwaka mmoja waliendelea vizuri zaidi kwenye lugha, pointi 0.8 katika kipimo cha pointi 20. Si nyingi, lakini ipo. Na dawa ya minyoo iliyotolewa katika utafiti huo huo haikuonyesha faida ya wazi kwenye lugha.

Sasa MSIKIMBILIE duka la dawa. Utafiti mwengine mkubwa wa Pemba hapa hapa, uliochapishwa 2006, ulisimamishwa upande wa chuma na foliki. Watoto wadogo waliopewa bila kupimwa damu kwanza, wakati malaria ilikuwa imetanda, walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Malaria sasa imepungua sana kwetu, lakini chuma bado ni cha kupewa baada ya kupimwa. Mchicha, dagaa na maini havihitaji cheti.

Bi Maandalizi

Ahsante Nesi. Mama wa Fuoni, la katuni nakujibu mie. Patricia Kuhl na wenzake mwaka 2003 waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9 wakawasikilizisha Kichina, vikao 12, kila kimoja dakika 25. Waliochezeshwa na mtu hai walishika sauti za Kichina. Waliowekewa mtu yule yule kwenye televisheni, maneno yale yale, hawakushika kitu. Wako mkubwa kuliko hao, ila mie ningemuweka jikoni na wewe ukimenya muhogo. "Hiki kikubwa, hiki kidogo, kimeanguka." Kwa Kiswahili hicho hicho cha Fuoni.

Mama wa Fuoni

Simu nimeificha. Analia sasa hivi. Jumatatu tunakwenda kupimwa masikio inshaallah, mama mkwe kanuna.

Ami Mstaafu

Nimesoma yote. Mimi nilisomesha msingi miaka 30. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5. Mtoto aliyekwishajua kumi na mbili ni kumi na mbili, unamrudisha kwenye yale maneno ya Kizungu yasiyoonyesha kumi. Na saa zetu je? Saa moja asubuhi, kitabu kinamwambia 7. Siwalaumu watoto walioanguka.

Bi Maandalizi

Ami, hilo tulifungulie uzi wake, hapa tutapigana mpaka Ramadhani.

Yakhe wa Darajani

Nimerudi na majibu. Nimekaa na kijana ukumbini, sahani ya tende baina yetu. Nikamwambia, "Baba, nipe tende tatu." Kachukua moja akala. Kachukua nyengine akala. Ya tatu kanipa mkononi. Nikamwambia, "Nimekuomba tatu!" Akanambia, "Mbili n'nazo tumboni."

Mwalimu, huyu nimuweke wapi?

Bi Maandalizi

Subhanallah. Mtie na wakubwa.